Dubu Jike wa Ambilikile

Theluji iliwakuta juu ya mlima wakiwa na nguo za watu walioondoka nyumbani wakitokwa jasho. Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2006. Kule Texas kiyoyozi kilikuwa bado kinanguruma mchana kutwa, na Vicent alikuwa amecheka alipoambiwa achukue koti zito na viatu vya kupandia. Sasa hakuwa akicheka. Upepo ulivuka ziwa ukaleta mvua, mvua ikageuka chenga za barafu, kisha ukaja weupe mtupu uliofuta njia, ukafuta miti, ukafuta hata nyayo walizotoka kuzikanyaga.

"Shemeji, nadhani tume-miss njia," alisema Vicent.

"Simama basi. Usitembee kama huoni."

Avelina alikuwa bado anasema hayo aliposikia mawe yakiporomoka. Vicent alikuwa amekanyaga kifusi kilichofunikwa na theluji, kikaondoka naye. Alimkuta chini ya mteremko, mguu wa kushoto umebanwa kati ya mawe mawili, uso umemparara. Alipoushika chini ya goti, muundi ukacheza pasipotakiwa kucheza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Avelina hakuwa na moyo wa kumkumbusha. Guu lenyewe lilishavunjika.

"Unasikia vidole?"

"Nasikia. Shemeji, naumwa!"

"Kuumwa ni vizuri. Ukiacha kuumwa ndipo nitakapoogopa."

Avelina alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Dallas, na mikono yake iliijua kazi hata moyo ulipokuwa unakimbia. Alikata matawi mawili, akayafunga kwa mkanda wa begi na kitenge chake, akapata gango lililoshika. Kisha akamburuta shemeji yake, akipumzika na kumburuta tena, hadi chini ya jabali lililochomoza kando ya misonobari. Pale palikuwa pakavu kiasi cha watu wawili kukaa wakibanana. Simu zilikuwa hazina mtandao. Kijito kilisikika mbali bondeni, na kijito ndicho kingewatoa, kwani kiliteremkia kwenye maegesho walikoacha gari. Lakini Vicent hakuweza kutembea, naye Avelina hangemwacha.

"Nina kiu," alisema Vicent, akichota theluji.

"Usile hiyo, itakula joto lako. Leta chupa." Aliijaza theluji chupa ya maji, akaitia ndani ya sweta, akaikumbatia mpaka iyeyuke.

Na hapo ndipo msomaji anastahili kuambiwa ni nini kilichowapeleka mjane na shemeji yake mahali pale ambapo hata kunguru hakuonekana.

Ambilikile, mume wa Avelina na kaka yake Vicent, alikuwa mtafiti wa wanyamapori. Alisomea kazi hiyo Tanzania, akaja kuongezea Texas, akajikuta amewapenda dubu wakubwa wa kahawia wa kaskazini, wale wenye nundu mabegani, ambao Wamarekani huwaita grizzly. Kila kiangazi alimwacha mkewe nyumbani kwao Grand Prairie, jirani na Dallas, akaenda Montana kuwafuata. Watu wa kanisani walimtania kwamba ameoa wake wawili, mmoja ana manyoya. Yeye akicheka tu, kisha akianza somo, na somo lake halikuwa na mwisho. Kwamba jike hazai hadi atimize miaka mitano au sita, na akizaa hukaa na watoto miaka miwili, mitatu, ndiyo maana ukiua jike mmoja umeua ukoo. Kwamba mnyama mkubwa namna ile hupanda juu kwenye mawe kutafuta nondo, wale wadudu wanaofanana na vipepeo, akala makumi ya maelfu kwa siku, na kwamba mbegu za msonobari wa gome jeupe ndizo nyama na siagi yake, lakini misonobari hiyo inakufa kwa ugonjwa na wadudu. Na kwamba mimba yao husubiri. Jike hupandwa mapema kiangazi, ila mimba haijishikizi tumboni hadi baridi ikaribie. Kama mama hakunenepa vya kutosha, haishiki. Avelina, ambaye naye mimba zilimtoka na hakuna aliyezitaja tena, alilishika jambo hilo kuliko mengine yote.

Kati ya dubu wote, Ambilikile alikuwa na wake. Kazini jike huyo alikuwa na namba tu, lakini yeye alimwita Shangazi, kwa sababu hula kwanza, hugomba baadaye, na hakuna wa kumwambia neno. Alimvalisha mwenyewe kola ya redio shingoni, mnyama akiwa amelala kwa sindano. Na siku alipokufa, alikuwa ndani ya ndege ndogo akisikiliza mlio wa kola hiyo. Ndege ilipoteza nguvu ikaanguka katika ziwa la mlimani, lenye kina na baridi vilivyowashinda wapiga mbizi. Hakuna kilichopanda juu ila kiti kimoja.

Kwa hiyo hapakuwa na maiti. Nyumbani Kyela, wazee walikuwa tayari kuzika mgomba mahali pa mwili, kama ifanyikavyo mtu asipopatikana. Mama yake akakataa. Akasema azikiwe udongo wa mahali alipolala mwanawe, hata uwe kiganja kimoja. Akampa mtu aliyekuwa anasafiri mfuko wa usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, waliokaushwa kwa moshi. Akaagiza kwa simu, na sauti yake haikutetemeka: "Avelina, mwanangu alikufa na njaa ya kwetu. Mpe chakula chake. Usimwendee mikono mitupu."

Avelina aliijua sheria ya milima ile. Ambilikile aliihubiri kila siku: chakula hufungwa ndani ya chombo, hutundikwa juu ya mti mbali na watu, hakiachwi chini hata punje, kwa maana dubu akishaonja chakula cha watu amekwisha kufa, bado kupigwa risasi tu. Aliijua. Lakini nani angemwambia mama wa Kyela kwamba chakula cha marehemu kinatundikwa mtini? Mchana ule, kabla ya theluji, walifika ufukweni mwa ziwa lile. Avelina alichota udongo akautia kwenye mfuko wa koti. Akamwaga usipa kiganja kimoja majini na kingine juu ya jiwe, akaomba, akalia kidogo. Waliobaki aliwarudisha kwenye begi, kwani samaki wa mama hawatupwi. Theluji ikaanza wakati wanageuka.

Usiku ule chini ya jabali ulipita kama unavyopita usiku wa maumivu, nao hauna haja ya kusimuliwa. Palipopambazuka theluji ilikuwa imekoma. Vicent alikuwa anatetemeka, na Avelina aliona kutetemeka huko ni heri, maana mwili ulikuwa bado unapigana. Alimlisha usipa wachache kwa vidole. Walikuwa na harufu kali ya moshi na ya nyumbani.

"Dale anajua tuko huku," alisema ili kumpa moyo. "Nilimwambia tutarudi jana. Atakuja."

Dale alikuwa mzee aliyefanya kazi ya dubu pamoja na Ambilikile, mtu wa farasi na maneno machache.

"Shemeji," alinong'ona Vicent. "Usi-move. Nyuma yako."

Avelina aligeuza shingo polepole. Jike la dubu lilikuwa limesimama kwenye misonobari, hatua chache kutoka walipo, kubwa kuliko alivyowahi kuona katika picha. Manyoya ya mabegani yalikuwa na ncha nyeupe kama ya mtu anayeanza mvi. Nyuma yake walikuwapo watoto wawili wa mwaka ule, wamesimama kwa miguu ya nyuma wachungulie. Pua ya mama ilikuwa juu, inavuta hewa, na kwenye midomo yake vilining'inia vipande vya samaki. Alikuwa ametokea ziwani. Alikuwa amemaliza chakula cha marehemu, na sasa alifuata harufu ya kilichobaki.

Avelina alikuwa na kopo la dawa ya pilipili, ya kufukuzia dubu, kiunoni. Alilichomoa, akaondoa kishikizo kama alivyofundishwa sebuleni kwake, Ambilikile akijifanya dubu na kuangusha taa. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yake, upande mzuri kabisa. "Ukimpenda dubu, mpulizie," Ambilikile alikuwa akisema. "Aondoke macho yanamwaka, amchukie binadamu, aishi."

Kisha jike likageuza kichwa, Avelina akaiona kola.

Ilikuwa imechakaa, ngozi imekatika ukingoni. Mikono ya Ambilikile ndiyo iliyoifunga. Katika dunia nzima, kitu hicho na udongo wa mfukoni ndivyo pekee vilivyobaki vya siku ya mwisho ya mumewe. Kidole cha Avelina kilikuwa juu ya kopo, na kidole kikakataa.

"Piga, shemeji! Piga!"

"Ni Shangazi," alisema Avelina. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Vicent, ni Shangazi."

Alimlalia shemeji yake kifudifudi, viganja vikiwa shingoni. Akasikia hatua nzito zikija bila haraka, pumzi ya moto yenye harufu ya usipa, kisha uzito mgongoni, kucha zilizopenya koti na ngozi. Hakupiga kelele. Uzito ukaondoka. Begi likaburutwa, likapasuliwa, na kwa muda mrefu walisikia mnyama akitafuna, watoto wake wakigombania mabaki kwa milio ya kitoto. Vicent alikuwa anasali. Avelina, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya ajabu, ya kumlisha jamaa aliyetoka mbali, na aliijutia maisha yake yote.

Dubu walipoondoka, Vicent alimfunga jeraha kwa maelekezo yake mwenyewe muuguzi. "Kaza zaidi. Hapo. Sasa nipe maji." Maji yalikuwa nusu chupa. Avelina akaenda kuongeza theluji, na ni pale, alipoinama mbele ya nyayo pana na alama za kucha ndefu, akili ilipomrudia. Jike lilikuwa limejifunza jambo mbele ya watoto wake. Lilikuwa limemwendea binadamu, likapata chakula, na binadamu akalala chini.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Nimemuua."

Ilipofika jioni likarudi. Safari hii halikusimama mitini. Lilikuja moja kwa moja, kama mtu anayejua mlango, likanusa mikono ya Vicent iliyokuwa bado ina harufu ya samaki, na Vicent akatoa mlio ambao Avelina hakuwahi kuusikia kwa mwanaume. Avelina akasimama. Akabonyeza kopo mpaka mwisho. Wingu jekundu likampiga Shangazi usoni. Alinguruma, akajigonga kwenye mwamba, akakimbia kwa kupepesuka huku watoto wakikohoa nyuma yake.

"Nenda!" Avelina alipiga kelele kwa Kiswahili, akilia. "Nenda, usirudi! Tuchukie!"

Lakini alijua, kama ajuavyo muuguzi anayetoa dawa saa imeshapita.

Dale aliwafikia kesho yake na farasi watatu na vijana wa uokoaji. Vicent alifungwa kwenye machela. Walipofika chini kwenye maegesho, Avelina aliona mahema matatu kando ya kijito, familia ziko likizoni, baba anachoma nyama, watoto wawili wenye kofia za sufu wanarushiana mpira. Moshi wa nyama ulikuwa unapanda bondeni, kuelekea mlimani.

Dale alikaa naye kwenye ngazi ya gari la wagonjwa. Alitazama mgongo wake uliofungwa.

"Alikuwa akitetea watoto wake tu?" aliuliza. "Kama ni hivyo hana kosa. Jike likilinda watoto tunaliacha."

Vicent, akiwa kwenye machela, aliusogeza mkono akamshika Avelina kifundo cha mkono. Akasema kwa Kiswahili, chini kwa chini: "Shemeji, sema ndiyo. Please. Sema alilinda watoto. Kaka alimpenda yule."

Neno moja tu lingetosha. Avelina alitazama watoto wenye mpira. Alikumbuka mwaka ambao Ambilikile alitoa idhini ya kuuawa kwa dubu aliyezoea mapipa ya taka, akarudi nyumbani akakaa bila kula, na alipoulizwa kwa nini basi alikubali, akajibu, "Kwa sababu yule wa mapipa ni mmoja, na akimuua mtoto wa mtu, watawachukia wote."

"Alikula chakula chetu," alisema Avelina. "Samaki. Kwanza ziwani, kisha kwenye begi. Mara ya kwanza ningeweza kumpulizia, sikumpulizia. Jioni akarudi kutafuta tena."

Dale alivua kofia. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Ondoa wale watu," alisema Avelina. "Waondoe leo."

Waliondolewa. Hema moja lilibaki, wenyewe walikuwa wametoka kuvua. Baada ya siku chache Shangazi alishuka, akalipasua, akatoa vitanda vya watoto nje akitafuta alichofundishwa. Hapakuwa na mtu ndani. Mlio wa kola uliwaonyesha alipo, ile kola iliyokuwa imemlinda miaka yote. Dale ndiye aliyepiga risasi. Alipiga simu Grand Prairie yeye mwenyewe, akamwambia Avelina.

Udongo ulikwenda Kyela na ukazikwa. Mama mkwe alipiga simu baada ya mazishi, sauti imelegea kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Sasa nimepumzika, mwanangu. Na wale samaki? Alikula?"

Avelina alikaa kitandani na simu sikioni. Angemwambia nini bibi yule? Mama wa Kyela na mama dubu, hakuna aliyetaka ubaya.

"Alikula, mama," alisema. "Alimaliza wote."

Watoto wa dubu walikamatwa. Dubu asiyetimiza mwaka, bila mama, hamalizi majira ya baridi, na wale walikuwa wameshaonja. Hakuna bonde ambalo lingewapokea. Baada ya kuhangaika, ikapatikana bustani moja ya wanyama Houston yenye nafasi. Vicent, ambaye mguu wake uliunga ukiwa mfupi kidogo, ndiye aliyesoma habari hiyo kazini kwake mjini Richardson. Mwezi wa kwanza, Jumamosi, alimpitia shemeji yake wakaendesha gari hadi Houston. Tangu mlimani, walikuwa wamejifunza kukaa pamoja bila kuhitaji maneno, jambo ambalo ndugu wengi hawalipati.

Kulikuwa na joto la fulana. Dubu wawili walikuwa nyuma ya kioo kinene, wamenenepa, manyoya yanang'aa. Mmoja alikuwa anachimba udongo kwa bidii kwenye kona, kucha ndefu zikitupa mchanga nyuma, kama wachimbavyo dubu wanaotafuta mizizi mlimani. Hapakuwa na mzizi pale. Alichimba, akanusa, akahamia kando, akachimba tena.

"Hawalali?" Avelina alimuuliza mhudumu. "Januari dubu hulala."

"Hapa hawalali, mama. Dubu hulala chakula kikiisha. Hapa hakiishi."

Avelina aliweka kiganja kwenye kioo. Alikuwa amewazia shimo chini ya theluji, giza, mama amejikunja, watoto wawili wamejibana kwenye tumbo lake lenye joto, dunia nzima imenyamaza mpaka machipuko.

Pembeni yake alikuwa amesimama mwanamke wa Kikongo mwenye kitenge na koti jembamba, jina lake Rosette kama alivyojitambulisha waliposalimiana kwa kusikia Kiswahili. Alikuwa na binti yake mdogo, ambaye pua yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo.

"Mama, mom yao yuko wapi?" aliuliza mtoto.

Rosette alikuwa amechoka, macho mekundu ya mtu wa zamu za bohari. "Mama yabo iko ku kazi," alijibu. "Atarudia mangaribi."

Mtoto aliridhika. Mama yake naye hurudi jioni. Akawapungia dubu mkono. "Bye, she's coming," aliwaambia.

Vicent alimgusa shemeji yake bega. "Twende, shemeji. Inatosha."

Lakini Avelina alikuwa ameshachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Rosette alimwangalia, hakumzuia.

"Hatarudi," alisema Avelina polepole. "Mama yao alikufa. Alikula chakula cha watu, na dubu akila chakula cha watu hawezi tena kuachwa mlimani."

Mtoto alikunja uso. "Nani alimpa food?"

"Mimi. Nilimpenda, nikampa."

Mtoto alimtazama muda mrefu, bila hasira na bila huruma, kama watoto wanavyotazama. Kisha akasogea hatua moja pembeni, akamwachia nafasi kwenye kioo, naye aone.